Waathene walichagua serikali kwa maharage, na hawakuwa wajinga

Tuanze na neno lenyewe, kura. Muulize mtu yeyote leo atakuambia kura ni kile kikaratasi unachotumbukiza kwenye sanduku, ila neno lilipotufikia kutoka Kiarabu lilikuwa na maana nyingine kabisa na maana hiyo bado ipo, hatujaizika. Askari waliogawana nguo za Yesu pale msalabani walipiga kura. Mathiya alipata nafasi ya Yuda kwa kura. Nabii Yunus, au Yona kama umekulia kanisani, alitupwa baharini baada ya kura kumwangukia, na sidhani kama kuna mtu alifanya kampeni mle melini. Kura ni bahati nasibu, ni mkono unaoingia kwenye kofia huku macho yamefumba.

Naanzia huko kwa sababu kila Ugiriki ya kale ikitajwa mtu anadakia "ndo waliotuletea demokrasia", na kichwani anaona wagombea, mabango, magari ya matangazo. Hakuna kitu kama hicho. Mchukue Mwathene, yaani raia wa mji wa Athens kule Ugiriki, wa mwaka 420 KK umlete kwenye uchaguzi mkuu wa leo, tena ule uliokwenda vizuri kabisa hakuna aliyeiba hata kura moja, atakaa atazame weee halafu aulize: sawa, wakubwa wameshindana nimeona, sasa wananchi wenyewe wanatawala lini? Kwake yeye kuwashindanisha watu wenye majina na kumpa cheo aliyesifiwa zaidi zilikuwa dalili za utawala wa wachache. Demokrasia ilikuwa kura ya Yona.

Msingi aliuweka mwanasiasa mmoja wa Athens, Cleisthenes, mwaka 508 KK. Jamaa alivunja nguvu za koo kubwa kwa kuwapanga raia wote upya kwenye makabila 10, na usifikirie kabila la lugha na mila, haya yalikuwa mafungu ya kutengenezwa tu, kila moja likachanganyiwa watu wa mjini, watu wa pwani na watu wa bara ili mwenye mashamba asijikute ana kijiji chake chote nyuma yake siku ya mkutano. Kila kabila lilitoa watu 50 kwa mwaka kwenda kwenye Baraza la watu 500, na Baraza ndo lilikuwa linaandaa hoja kabla hazijapanda kwa mkutano wa wananchi kule kilimani Pnyx. Kufikia katikati ya karne ya 5 hao wajumbe hawakuwa wanagombea. Walichomoa maharage. Haragwe la rangi hii umeingia, la rangi ile rudi nyumbani kwako ukaendelee na shamba. Ilibidi uwe umefika miaka 30, unakaa mwaka mmoja, na maisha yako yote huruhusiwi kuingia zaidi ya mara mbili.

Halafu kuna kitu ambacho mimi nikikifikiria nacheka peke yangu. Wale 50 wa kila kabila walipewa zamu ya siku 35 au 36 ya kuendesha mambo ya kila siku, wanakula kwa gharama ya serikali kwenye jengo la mviringo pale Agora, uwanja wa soko la mji, na kila siku mmoja wao anatolewa kwa kura kuwa mwenyekiti wa usiku mmoja na mchana mmoja. Huyo ndo anashika muhuri wa dola na funguo za mahekalu yalimowekwa hazina na nyaraka, na kama mkutano wa wananchi umeangukia siku yake basi anauongoza yeye. Jua likizama anakabidhi, na hatashika tena kiti kile mpaka anakufa. Zaidi ya watu 350 kwa mwaka, kila mwaka, kwenye mji ambao raia wanaume wazima wanakadiriwa kuwa kama 30,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe uone ni wazee wangapi mtaani waliokuwa na haki ya kusema "mimi niliwahi kuwa mkuu wa Athens" na wasiwe waongo.

Baadaye maharage yakapata mashine. Karne ya 4 KK mahakama zao zilitumia kitu kinaitwa kleroterioni, bamba refu lenye safu za vitundu, kila raia anachomeka kibao chake chenye jina, halafu pembeni kuna mrija unamiminiwa vigololi vyeupe na vyeusi, kinatoka kimoja kimoja. Cheupe, safu nzima inaingia kazini. Cheusi, safu nzima inakwenda nyumbani. Vipande vya mabamba ya mawe ya aina hiyo viko makumbusho ya Agora mjini Athens mpaka leo. Na upangaji ulifanyika asubuhi ileile ya kesi, kwa hiyo ukitaka kumhonga hakimu ilikuwa lazima kwanza umjue, na ili umjue ilikuwa lazima uwe mganga.

Kwa nini walihangaika hivyo? Mwanafalsafa Aristotle, ambaye kwa taarifa yako hakuwa Mwathene, alizaliwa Stagira akaishi Athens kama mgeni asiye na haki ya kupiga chochote, aliandika bila kuzungukazunguka kwamba vyeo kugawiwa kwa kura ni mambo ya demokrasia, na vyeo kupatikana kwa kuchaguana ni mambo ya utawala wa wachache. Wala haihitaji falsafa nzito. Anayeshinda uchaguzi ni anayejulikana, anayejulikana ni mwenye jina la ukoo au mwenye pesa au mwenye mdomo, na mwenye vyote vitatu hata hana haja ya kuondoka nyumbani. Mfinyanzi wa kawaida anayejua bei ya udongo na shida za bandari ya Piraeus hashindi uchaguzi hata siku moja, ila kwenye mfuko wa maharage yeye na mjukuu wa Cleisthenes wana nafasi sawasawa.

Na pale walipoamua jambo kwa wingi wa kura, mchezo ulioingia tunaujua wote. Walikuwa na utaratibu wa kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10 bila kesi, kila raia anakwaruza jina kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, vigae vikifika 6,000 zoezi halali, na aliyeandikwa zaidi anafungasha. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kwenye kisima kimoja, mteremko wa kaskazini wa Akropolisi, ile ngome ya kilimani ya Athens, vigae 190 vya aina hiyo, vyote vimeandikwa jina moja, Themistocles, huyuhuyu aliyewaokoa na Waajemi kwenye vita ya Salamis mwaka 480 KK. Walipokagua mwandiko wakakuta ni wa watu wachache tu, kama 14. Yaani kuna kundi lilikaa mahali likajaza kura mapema ili kuwagawia wapigaji. Miaka 2,500 iliyopita, bana, na vigae vyenyewe vimekwaruzwa kwa mwandiko mzuri tu.

Sasa msomaji makini ameshaanza kuguna, kwamba kura si itamleta na mwizi, na mlevi, na asiyejua kuhesabu? Itawaleta, ndiyo. Waathene walilijua hilo ndo maana haragwe lilikuwa mwanzo tu wa safari. Kabla hujakalia kiti unahojiwa hadharani. Wale maarkoni tisa, yaani maofisa wakuu wa mji, waliulizwa baba yako nani, mama yako nani, makaburi ya familia yenu yako wapi, unawatendea wema wazazi wako, umelipa kodi, umekwenda vitani ulipoitwa? Halafu anaulizwa yeyote mwenye neno dhidi yake asimame aseme. Tazama wasichouliza: hakuna cheti, hakuna uzoefu wa miaka mingapi. Wanataka kujua wewe ni mtu wa namna gani nyumbani kwenu. Ukishamaliza mwaka unakaguliwa hesabu senti kwa senti na ukaguzi haujaisha huruhusiwi kutoka nje ya nchi, na hicho kipengele cha kutotoka nje mimi nakipenda sana sitaki hata kueleza kwa nini.

Na kuna kazi hawakuzigusa kwa haragwe. Majenerali 10 walichaguliwa kila mwaka kwa kunyoosha mikono, na wangeweza kurudi mara nyingi, Pericles, yule kiongozi maarufu wa Athens, alirudi miaka 15 mfululizo. Kwenye karne ya 4 waliochaguliwa waliongezeka kidogo, watunzaji wa mifuko mikubwa ya fedha na, hii ni nzuri, msimamizi wa chemchemi za maji. Vita, hela na maji. Mengine yote yeyote anaweza, ila mtu wa maji lazima awe anajua maji.

Hapo nafika kwa mwanafalsafa Socrates, na ndipo ugomvi wangu na walimu wa falsafa ulipo. Moja ya lawama alizobandikwa ni kwamba aliwafundisha vijana kuwacheka Waathene kwa maharage yao, eti hakuna mtu anayemtafuta nahodha wa meli kwa haragwe, wala fundi seremala, wala mpiga filimbi, sasa inakuwaje mji mzima tunaukabidhi kwa haragwe? Hoja kali, na tangu hapo kila asiyewaamini watu wa kawaida anaikopa. Lakini huyu mzee mwenyewe ndo shahidi mkubwa wa upande wa pili.

Mwaka 406 KK meli za Athens zilipigana na Wasparta karibu na visiwa vya Arginusae, upande wa Lesbos, zikashinda, tena mji ulikuwa umeishiwa mpaka watumwa walipandishwa kwenye makasia kwa ahadi ya uhuru. Walipoteza meli 25. Kabla waliozama hawajaokolewa dhoruba ikachafuka na watu wakafa huku wameng'ang'ania mbao, na kwa Mgiriki maiti isiyozikwa ni jambo lisilosahaulika. Majenerali wanane walikuwepo vitani, wawili wakanusa hatari hawakurudi nyumbani kabisa, sita wakarudi. Mkutano wa kwanza wa wananchi kuwajadili, giza likaingia, mikono haionekani tena, wakaahirisha. Katikati hapo ikaingia sikukuu ya koo, ile ambayo ndugu wote wanakusanyika, na safari hii kwenye kila ukoo kuna viti vitupu. Mkutano wa pili watu wakaja wamenyoa vichwa wamevaa nguo nyeusi, akasimama mtu akasema yeye alinusurika kwa kuelea juu ya pipa la unga, na waliokuwa wanazama walimwambia ukifika salama waambie majenerali waliwaacha mashujaa wa nchi. Wewe ungekaa kimya hapo? Mjumbe mmoja, Callixenus, akaleta hoja kwamba wote sita wahukumiwe kwa pamoja kwa kura moja, bila kila mtu kusikilizwa kivyake. Sheria haikuruhusu. Aliyejaribu kulisema hilo akatishiwa kuwekwa kwenye kura hiyohiyo na majenerali, na umati ukapiga kelele kwamba ni jambo baya sana mtu kuwazuia wananchi kufanya wanachotaka.

Sasa nani alikuwa zamu? Kabila la Antiochis, na ndani ya wale 50 wa Antiochis alikuwemo Socrates, miaka yake karibu 63, mwandishi Xenophon anasema siku hiyo kiti cha mwenyekiti kilikuwa chake. Wenzake waligoma mwanzoni kisha wakaogopa wakakubali. Yeye akakataa, akasema hafanyi jambo nje ya sheria, basi. Hakuwaokoa. Majenerali wote sita waliuawa, na mmoja wao alikuwa kijana wa Pericles mwenyewe, aliyezaa na Aspasia, na hapo historia imekaa vibaya mno, kwa sababu ni Pericles aliyepitisha sheria ya mwaka 451 KK kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathene, Aspasia alikuwa mtu wa Mileto, mji mwingine, tauni ikaja ikawamaliza wanawe halali, mzee akaenda kuwaomba wananchi wamlegezee sheria yake mwenyewe wakamwonea huruma wakampa mtoto uraia. Wananchi haohao baadaye wakamhukumu kifo. Na haikuchukua muda wakajuta, wakawageuzia kibao waliowadanganya, Callixenus alikimbia, akarudi miaka kadhaa baadaye akafa kwa njaa huku mji mzima unamchukia.

Swali langu ni hili. Socrates angeingiaje pale kwenye kile kiti kwa njia ya uchaguzi? Mzee anayetembea pekupeku, anamsimamisha kila mkubwa sokoni kumwonyesha kwamba hajui anachosema, hana pesa, hasemi linalomfurahisha mtu, huyu angepata kura ngapi? Yake na ya mwanafunzi wake Plato, na Plato wakati huo kijana wa miaka kama 20. Haragwe alilolicheka ndo lilimweka mahali pekee siku pekee ambapo ukaidi wake ulikuwa na maana kwa dola. Nakubali, wenzake 49 nao waliletwa na haragwe na walinywea. Kura inakuletea watu walivyo, kwenye 50 unapata 49 waoga na mmoja king'ang'anizi, na nikilinganisha na mabunge ninayoyafuatilia naona huo ni uwiano wa kuridhisha.

Lakini nisije nikaonekana nauza dawa. Kuna swali ambalo wapenzi wa Athens hawapendi kulijibu: kama wakubwa wote wanabadilika kila mwaka, nani alijua kazi? Nani alikumbuka faili liko wapi? Mtumwa. Mji ulikuwa na watumwa wake wa serikali, wanatunza nyaraka na kuandika hesabu, hata polisi walikuwa watumwa, wapiga mishale wa Kiskithia wanaotuliza fujo mikutanoni. Kuna sheria ya mwaka 375 KK imechongwa kwenye jiwe, inamtaja mtumwa wa serikali anayekaa Agora karibu na meza za wabadilisha fedha, kazi yake ni kupima sarafu na kusema hii fedha halisi hii ya bandia, na akisema ya bandia inakatwa palepale, mfanyabiashara huru hana la kufanya. Mtu mwenye utaalamu ambao hakuna raia aliyekuwa nao, neno lake ndo la mwisho kwenye soko zima, na asipokaa kwenye kituo chake sheria hiyohiyo inasema achapwe viboko 50. Walimwogopa mtaalamu kiasi kwamba walihakikisha hana haki yoyote. Raia walikuwa na usawa wao mtamu kwa sababu ujuzi walikuwa wanaumiliki kama wanavyomiliki punda, na chini kabisa ya ujuzi kulikuwa na machimbo ya fedha ya Laurion ambayo watumwa waliyatambaa kwa matumbo, fedha iliyojenga zile meli za Themistocles ilitoka humo. Na wanawake hata kwenye mfuko wa maharage hawakuwemo, wala hilo halikumsumbua mtu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "turudishe mfumo wa Athens" namuuliza na watumwa je. Ila akiniambia tuitoe kura ya Yona kabatini kwa kazi maalumu, hapo nasikiliza. Ireland walijaribu, mwaka 2016 wakakusanya raia 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, mama wa nyumbani na dereva na mstaafu, wakawapa wataalamu wa kuwauliza maswali wikiendi baada ya wikiendi kuhusu suala la utoaji mimba ambalo wanasiasa walikuwa wanalikimbia miaka nenda rudi, wakatoa mapendekezo na mwaka 2018 nchi nzima ikaamua kwa kura ya maoni. Unaweza usipende walichoamua. Mimi ninachokiangalia ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale 99 aliyekuwa anatafuta kurudi tena. Kamati za ukaguzi wa hesabu, kwa mfano, sioni kwa nini zisijazwe hivyo, tukawaacha wachaguliwa wakaguliwe na watu wasiodaiwa fadhila na mtu.

Na bado kuna mwaka 399 KK, siwezi kuukwepa. Socrates, mzee yuleyule, sasa miaka 70, amesimama mbele ya mahakimu kama 500, na kila mmoja wao kaingia kwenye orodha ya mahakimu wa mwaka kwa kura, wanalipwa obol tatu, sarafu ndogo za huko, kwa siku, nusu ya posho ya fundi wa ujenzi. Wakamkuta na hatia. Alipohesabiwa kura alishangaa zilivyokaribiana, akasema 30 tu zingehamia upande wa pili angetoka huru. Kisha kwa utaratibu wao mshtakiwa anapendekeza adhabu yake mwenyewe, mshtaki kasema kifo, wote wanasubiri aseme kufukuzwa mjini, wangekubali haraka wakaenda kula, yeye akasema kwa yote niliyowatendea nastahili kulishwa bure na serikali maisha yangu yote kama mnavyowalisha washindi wa Olimpiki.